Namna ya kuzuia kutu kwenye shakeli za kukwamulia magari huku pwani

Mpwani_wa_Pangani (mleta mada):

Habari zenu wakuu,

Ninaendesha Land Cruiser ya kazi kati ya Pangani na Saadani, njia ambayo wakati wa kiangazi ina mchanga mwepesi unaomeza matairi, na masika yakifika ina udongo mweusi ambao hata gari zima huweza kuzama hadi kwenye ekseli. Kwa sababu hiyo shakeli za kukwamulia, yaani zile pete za chuma zenye umbo la upinde na pini ya kukaza, hukaa garini mwaka mzima. Ninazo za aina mbili, zote za robo tatu ya inchi na zimeandikwa tani 4.75, yaani mzigo zinaoruhusiwa kubeba: nyekundu zilizopigwa rangi ya unga, ambazo hukaa kwenye bampa, na za kijivu zilizozamishwa kwenye zinki, ambazo hukaa kwenye sanduku la vifaa.

Zile nyekundu zimeanza kuvimba rangi. Ukibandua gamba kwa ukucha, unakuta kutu imetambaa chini yake hadi mahali ambapo kwa juu palionekana pazima kabisa. Za kijivu hazina kutu ya kahawia ila zimetoka unga mweupe, na pini ya mojawapo haifunguki kwa mkono. Naomba kufahamu kama unga huo ni dalili ya kuharibika, kama inafaa kuzipaka grisi, na kama ni salama kuziloweka kwenye ndimu au siki kama wengi wanavyoshauri huku mtaani. Gari hili hubeba watu, kwa hiyo sitaki kubahatisha.

FundiChuma:

Ndugu mleta mada, swali lako ni la msingi. Shakeli ikikatika wakati kamba imevutika huruka kwa nguvu ya kuua mtu.

Tofauti uliyoiona kati ya nyekundu na za kijivu ina sababu yake. Rangi hulinda chuma kwa kukifunika tu, kwa hiyo kokoto ikiichubua, maji yenye chumvi huingia kwenye jeraha hilo na kuanza kusafiri chini ya rangi, na wewe huoni chochote mpaka ivimbe. Zinki hufanya kazi kwa namna nyingine: hata ikikwaruzwa, yenyewe ndiyo huliwa kwanza, na chuma kilicho jirani yake hubaki salama kwa muda. Unga mweupe unaouona ni mabaki ya zinki iliyokwisha kuliwa. Shakeli haijaharibika, lakini umepewa taarifa kwamba inakaa na chumvi au unyevu. Uoshe, usugue kwa brashi ngumu ya nailoni, na usitumie brashi ya waya, kwa maana utaiondoa zinki yenyewe ambayo ndiyo kinga yako.

Kuhusu ndimu na siki, ushauri wangu ni kwamba uache kabisa. Kwanza, asidi huyeyusha zinki kabla hata haijagusa kutu. Pili, na hili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, asidi inapokula chuma huzalisha haidrojeni, na sehemu ya haidrojeni hiyo huweza kupenya ndani ya chuma na kukifanya kiwe kama kigae: kinaonekana kizima, kisha siku ya kuvuta kinakatika ghafla bila kupinda kwanza. Hatari hiyo huongezeka kadiri chuma kilivyo kigumu, na pini za shakeli mara nyingi hutengenezwa kwa chuma kigumu. Kwa sababu hiyo hiyo, usikubali fundi akupeleke kwenye maji ya betri, na usikubali achome pini kwa moto ili ilegee. Chuma cha shakeli kimepewa nguvu yake kwa kupashwa joto na kupozwa kwa vipimo maalumu kiwandani, na mtungi wa gesi wa gereji utaiharibu hali hiyo bila kuacha alama yoyote ya kukuonya.

Pini iliyogoma, iloweke kwenye mafuta ya kulegeza kutu usiku kucha, ugonge taratibu kwa nyundo ya mbao ukizunguka jicho lake, yaani tundu la shakeli linalopitisha pini, kisha uipitishe nondo nyembamba kwenye tundu la kichwa cha pini na kuizungusha kidogo kidogo, mbele na nyuma. Ikitoka, safisha uzi wa pini (mikato ya skrubu) na uzi wa ndani ya jicho kwa mswaki na mafuta ya taa. Pini irudi kwenye shakeli yake ileile, usichanganye.

Nyika_na_Pwani:

Ninakubaliana na Fundi karibu yote. Niongeze kuhusu kuosha na kuhusu grisi.

Watu wengi hupaka mafuta juu ya chumvi, wakidhani wamekinga, kumbe wameifungia chumvi ndani. Ukitoka ufukweni, fungua pini, ziweke shakeli kwenye ndoo ya maji ya bomba au ya kisima kisicho na chumvi, zizungushe, umwage, urudie kwa maji mapya. Maji ya kwanza hutoka na mchanga, na mara nyingi hubaki mchanga uliojibana kwenye uzi wa ndani ya jicho, ambao hauoni mpaka upitishe mswaki. Zianike juani hadi zikauke kabisa, ndipo upake kinga.

Grisi nzito siipendi kwa njia kama yako. Mchanga wa pwani hushika kwenye grisi, na kila unapokaza pini unakuwa unasaga uzi na zinki kwa pamoja. Upindeni inatosha kupitisha kitambaa chenye oili safi, au nta ya kupuliza ikipatikana, kisha uufute mpaka mkono usiteleze. Kwenye uzi wa pini weka tone dogo la oili tu. Yale mafuta mepesi ya kopo yanafaa kwa kufukuza maji na kulegeza pini, lakini utando wake ni mwembamba na hautadumu mbele ya upepo wa bahari.

Jambo jingine ni mahali pa kuzihifadhi. Shakeli inayoning'inia kwenye bampa hupigwa na kokoto, hunyunyiziwa maji ya kila dimbwi, na hugongana na bampa mpaka rangi itoke. Zifungue safari ikiisha. Mfuko wa turubai unaopumua ni bora kuliko mfuko wa plastiki, kwa kuwa plastiki hufungia jasho ndani. Usizichanganye na kamba iliyolowa.

Mpwani_wa_Pangani (mleta mada):

Nashukuru sana ndugu zangu, nimeelewa vizuri. Naomba nimalizie kwa hili: zile nyekundu nizikwangue na kuzipiga rangi upya, au nizitupe? Na je, zile za kamba laini zinafaa kuchukua nafasi yake?

FundiChuma:

Usipige rangi kabla ya kuzikagua. Ondoa rangi yote iliyovimba, halafu tazama chuma chenyewe kwenye mwanga mzuri. Kutu ya juujuu inayofutika kwa msasa laini na kuacha chuma laini haina shida kubwa. Vishimo ni habari nyingine, hasa vikiwa ndani ya mpindo, kwenye shina la jicho au kwenye uzi, maana nguvu yote ya mvuto hujikusanya kwenye vishimo hivyo na ufa huanzia hapo. Shakeli ya namna hiyo haina matengenezo.

Kisha pima unene kwa vernia, kile kipimo chenye taya mbili. Kanuni inayotumika kwenye vifaa vya kunyanyulia ni kwamba shakeli iliyolika zaidi ya asilimia 10 ya unene wake wa awali huondolewa kazini. Upinde wa robo tatu ya inchi una unene wa milimita 19 hivi, na pini yake huwa milimita 22. Kwa hiyo upinde ukishuka hadi 17, au pini hadi 20, usiitumie tena. Pini iliyopinda, jicho lililopanuka, au maandishi ya tani yasiyosomeka, yote hayo ni sababu ya kuitoa. Ukiikata vipande viwili kabla ya kuitupa, hakuna atakayeiokota na kuivutia gari.

Zitakazopona, piga tabaka jembamba la rangi yenye zinki kwenye upinde pekee, usiguse uzi wala usizibe maandishi.

Shakeli za kamba zilizosukwa kwa Dyneema, yaani nyuzi za plastiki zenye nguvu sana, hazipati kutu na ni nyepesi sana, kwa hiyo hata zikikatika haziruki kama chuma. Hata hivyo huchanika haraka zikisuguana na ukingo mkali, na mchanga ukiingia ndani ya nyuzi huzila polepole. Pale kwenye tundu la bampa la bati lenye ncha, endelea kutumia chuma. Kwenye kuunganisha mikanda, au ndoano ya bampa iliyo mviringo, tumia kamba, na uioshe kwenye ndoo ileile ya maji baridi.