Waandaaji wa tamasha, mchezo wa ng'ombe mmeuharibu na mnyama mmemtesa

Assalaam alaykum wana jamvi.

Nimetoka kwenye tamasha la huku kwetu Pemba na hasira hazijanishuka. Najua wahusika humu wanapita, basi wasome.

Kwa msioujua, mchezo wa ng'ombe wa Pemba hauui ng'ombe. Ni wa zamani, wengi wanaunasibisha na Wareno waliotawala pwani hii karne ya 16 na 17, na Kengeja na Chwale ndiko unakosifika. Dume anafungwa kamba ndefu, mchezaji anamchokoza kwa kitambaa na kumkwepa, zumari linalia, ngoma zinaitikia, kina mama wanaimba. Mchezo ukisha, ng'ombe anarudi kwa mwenyewe mzima.

Sasa hiki tulichooneshwa ni kitu gani? Dume mmoja katolewa saa nane mchana, jua kali, akawekwa uwanjani mpaka magharibi inakaribia. Kila anayetaka picha anaingia. Alipochoka akasimama tu, wakaanza kumsokota mkia ili aruke. Nilikuwa karibu: povu linamning'inia mdomoni, mbavu zinapanda na kushuka, na chini ya pembe, pale kamba inapopita, ngozi imechubuka mpaka nyama nyekundu inaonekana. Mwenye ng'ombe akasogea kusema basi, akajibiwa wageni wameshalipa. Mwenye ng'ombe jamani! Mnyama wake mwenyewe!

Na hiyo kamba ndiyo iliyonitia uchungu zaidi, maana kamba ndiyo usalama wetu sote. Hushikwa na watu wazima wanaojua wakati wa kulegeza na wakati wa kuvuta. Ukivuta mapema hakuna mchezo, ukichelewa pembe iko tumboni mwa mtu. Safari hii wamepewa vijana waliookotwa barazani, mmoja anarikodi kwa simu huku kamba kaishika kwa mkono mmoja. Dume alipogeukia upande wa watoto, kamba ikawateleza yote. Watoto wakakimbia wakiangukiana, mmoja kachanika kidevu. Alhamdulillahi pembe haikumfika. Uzio hakuna, sanduku la huduma ya kwanza hakuna, dada mmoja ndiye aliyemfuta damu kwa kanga yake.

Mzee wa zumari alikuwepo. Nilimwamkia, nikamkuta kakaa na zumari lake mapajani kwa sababu spika zilikuwa zinapiga nyimbo za disko na hakuna aliyemwita. Ati wageni wanapenda muziki uliochangamka. Mgeni aliyevuka bahari kuja Pemba kafuata disko? Muziki huo huo anao kwao!

Kiingilio tulilipa, na bado sisi wenyeji tukasimamishwa nyuma ya viti.

Sisemi mchezo ufutwe, na atakayekuja hapa kusema ufutwe tutabishana. Nasema afisa mifugo awepo uwanjani, ng'ombe wabadilishwe na wapumzike kivulini wapewe maji, kamba irudi kwa wanaoijua, na mwenye ng'ombe akisema basi, iwe basi. Mzee wa zumari apewe nafasi yake na alipwe.

Waandaaji mkiwa humu jibuni hapa hapa, msinifuate inbox. Na yeyote mwenye video ya kamba ilipoteleza aiweke, maana nimeshasikia wanasema hakuna aliyeumia.