Na ni nani?

*Kikundi: Wajukuu wa Bi Mwana 🌴*

Nassor: Asalaam aleikum. Kesho mtihani wa kemia. Na ikikutana na Cl inakuwaje?

Shangazi Maryam: Na nani ikikutana na Cl?

Nassor: Na.

Shangazi Maryam: Na nani?? Malizia mwanangu 😂

Dada Zuwena: 😂😂 Shangazi, Na ni alama ya sodiamu, imetokana na Kilatini, natrium. Cl klorini. Zikiungana ndiyo chumvi ya mchuzi.

Ami Haji: Kumbe miaka yote huku Pemba nauza Na na Cl kwa polo, wala sijui!

Nassor: Tumeambiwa tuhifadhi elementi 20 za mwanzo. Na jedwali zima la elementi zipo 118 😩

Mama Nassor: Juzuu Amma umehifadhi, 20 zikushinde?

Dada Zuwena: Tazama safu za jedwali kwanza, za safu moja kwa kawaida hufanana ganda la nje. Sodiamu ganda lake la nje lina elektroni 1, yaani chembe ndogo inayozunguka kiini cha atomu. Klorini lina 7. Zote zinatafuta 8.

Ami Haji: Nane, mashimo ya mstari mmoja wa bao.

Dada Zuwena: Hapo hapo ami! Klorini kabakiwa na shimo moja tupu. Sodiamu anamwachia kete yake, ganda la ndani alilobaki nalo limeshajaa 8. Aliyetoa anakuwa chanya, aliyepokea hasi, wanavutana. Hao sasa ni ioni, na mshikano wao ndiyo bondi ya ioni.

Nassor: Kovalenti je?

Dada Zuwena: Kula kikoa. Kila mmoja anachangia elektroni, wanazitumia pamoja. Maji, sukari.

Shangazi Maryam: Bibi yupo hapa, anasema kikoa cha siku hizi wengine huvuta sinia upande wao.

Dada Zuwena: Wallahi bibi kapatia! Kwenye maji oksijeni ndiye mvuta sinia, haidrojeni wanabaki pembeni. Ndiyo maana maji yana upande hasi na upande chanya, na chumvi inayeyuka humo.

Ami Haji: Lakini kikaangoni bila maji sukari inayeyuka, chumvi inakutazama tu.

Dada Zuwena: Molekuli za sukari zinashikana kidogo tu. Ioni za chumvi zimeng'ang'aniana pande zote, mpaka digrii 801 ndiyo ziachiane.

Nassor: Shaba?

Dada Zuwena: Metali. Elektroni za nje hazina mwenyewe, zinazurura kama watu wa Forodhani usiku. Ndiyo maana waya wa shaba unapitisha umeme.

Halafu huyo Mendeleev, Mrusi, mwaka 1869 alipopanga jedwali aliacha nafasi tupu makusudi. 1875 elementi ya galiamu ikapatikana, ikakaa palepale.

Ami Haji: Huyo angecheza bao angetufunga sote.

Nassor: Na K?

Shangazi Maryam: Na K nani tena 🙆🏾‍♀️

Dada Zuwena: Potasiamu. Iko chini ya Na, safu moja. Sasa wewe niambie inafanya nini ikikutana na klorini.

Nassor: Inatoa moja?

Dada Zuwena: Umeihifadhi wapi hiyo?

Nassor: 😁

Ami Haji: Kuanzia kesho polo linapanda bei. Nauza ioni.

Mama Nassor: Nassor zima simu, saa tano hii.