Mgonjwa wa hofu ya kijamii anafanya mazoezi yote, lakini hofu haishuki

Muuguzi_Arua
Wenzangu, naombeni ushauri. Kijana wa miaka 22, mwanachuo wa ualimu, ana hofu ya kijamii tangu sekondari. Tumepanga ngazi ya hofu (mazoezi kuanzia jepesi hadi gumu), hofu ikipimwa kwa mizani ya 0 hadi 100. Wiki ya tano sasa anauliza bei sokoni na kuchangia hoja kwenye mkutano wa LC1 (baraza la kijiji). Anatimiza kila kitu, hofu imeganda kwenye 70. Duka la dawa limemuuzia propranololi na diazepamu ya kutuliza wasiwasi. Nimpandishe ngazi, au nianze dawa?

Mshauri_Jinja
Usimpandishe bado, ndugu. Muulize akiwa pale anafanya nini. Mtu anayeingia sokoni akiwa ameikariri sentensi njiani, simu mkononi, macho chini, hajakutana na anachokiogopa. Akitoka salama, sifa anaipa simu. Hizo ni tabia za kujilinda, na diazepamu mfukoni ni mojawapo hata asipoimeza. Waragi, ile pombe kali, kabla ya mkutano pia.

Ligeuze zoezi liwe jaribio. Kabla hajatoka aandike utabiri unaopimika. "Nitaaibika" haupimiki, "nikikwama, watu watano watacheka" unapimika. Kisha akwame makusudi, anyamaze sekunde tano akiwatazama watu, ahesabu waliocheka. Akirudi aandike alichokiona, maana alichokihisi anakijua tayari. Mfumo wa wanasaikolojia Clark na Wells (1995) unaeleza sababu: mgonjwa hujichungulia ndani, akaamini anavyojihisi ndivyo anavyoonekana.

Ndiyo maana video inasaidia sana. Mrekodi akizungumza mara mbili, dakika tatu tatu: kwanza akijilinda, kisha akiyaacha hayo na kumsikiliza kwa makini aliye mbele yake. Kabla ya kuitazama, aeleze anatarajia kuona nini; ukiruka hatua hii atajikosoa tu.

Mfamasia_Gulu
Naunga mkono. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba (2013), unatanguliza tiba ya utambuzi na tabia ya mtu mmoja mmoja. Dawa ni kwa asiyeitaka tiba hiyo, au isipomtosha. Sertralini: 25 mg wiki moja, kisha 50 mg, na msiihukumu kabla ya wiki 12. Ikimfaa, aendelee angalau miezi 6, halafu ipunguzwe polepole. Siku za mwanzo wasiwasi unaweza kuzidi. Kwa umri wake aonwe kila wiki mwezi wa kwanza na aulizwe waziwazi kuhusu mawazo ya kujiua.

Propranololi hupunguza mapigo ya moyo na mtetemo kwa hotuba moja, haitibu ugonjwa, na mwenye pumu asiiguse. Diazepamu, kama ameizoea kila siku, msiikate ghafla.

Jambo moja la huku kwetu: esitalopramu (dawa ya kundi moja na sertralini) na lumefantrini ya malaria zote hurefusha muda wa QT, kipimo cha umeme wa moyo, na mapigo yanaweza kuvurugika. Akiwa kwenye esitalopramu, kila anayemtibu malaria lazima ajue.

Muuguzi_Arua
Asanteni. Hapa kituoni dawa za sonona zilizopo ni fluoksetini na amitriptilini tu.

Mfamasia_Gulu
Amitriptilini hapana: haipendekezwi kwa ugonjwa huu na ikizidishwa inaua. Fluoksetini majaribio yake yamepishana matokeo, lakini kati ya hizo mbili ni afadhali. Dawa ikihitajika, mwandikie rufaa kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa ya mkoa.

Mshauri_Jinja
Na muda: vikao vya mfumo wa Clark na Wells ni kama 14, vya dakika 90, kwa sababu jaribio hufanyika ndani ya kikao. Kwa nusu saa mtaishia kuongea. Afadhali vikao vichache virefu, mtoke wote wawili hadi barabarani.