Waliowahi kuangalia The Avengers ya Steed na Emma Peel (siyo ya Marvel), tupeane uzoefu

Wakuu, heshima kwenu. Nazungumzia ile tamthilia ya kijasusi ya Waingereza, 1961 hadi 1969, Steed ndiye yule jasusi wa suti, kofia ngumu ya duara na mwavuli. Mimi nilimfuata Diana Rigg, aliyeigiza Emma Peel, mwenzake Steed. Nilimjua kama Olenna wa Game of Thrones, bibi mwenye ulimi wa wembe, kumbe ujanani alikuwa anashusha watu kwa mateke! Nikaanza na kipindi cha Cybernauts cha 1965: dude la chuma limevaa koti na miwani myeusi, linavunja milango kwa kiganja, na linakufuata kwa sababu ya kalamu uliyopewa zawadi, iko mfukoni mwako. Usiku ule kalamu zote nilizitoa chumbani. Karibuni.

— Mimi natunza wazee huku Uingereza. Babu mmoja hataki kumsikia Emma Peel, kwake ni Honor Blackman tu, mwenzake Steed kabla ya Emma, yule wa nguo za ngozi na judo. Ndiye aliyenieleza kwamba mwanzoni kabisa mwenzake Steed alikuwa daktari, aliyeigizwa na Ian Hendry. Alipoondoka, Blackman akapewa hati zilizoandikwa kwa ajili ya mwanaume, ndiyo maana anapigana badala ya kupiga mayowe. Msimu huo wa kwanza karibu wote umepotea, vimebaki vipindi vitatu vizima.

— Mie ilinishinda. Mtu anauawa, damu hakuna, mara wanafungua shampeni. Barabarani hata muuza magazeti humuoni!

— Mkuu, hayo ni makusudi. Hawakutaka polisi wa sare wala raia wa kawaida aonekane, maana akipita mama na kikapu chake, ule uchizi wote unakufa. Na Steed kubeba mwavuli badala ya bunduki nako kuna sababu. Patrick Macnee, aliyemuigiza, alipigana Vita vya Pili vya Dunia kwenye jeshi la majini, bunduki akawa ameshazichoka.

— Jamani, mimi kilichonigusa ni mshahara. Rigg ndiye sura ya kipindi, akagundua mpiga kamera anamzidi! Akasema hadharani, magazeti yakamfanya mpenda hela, ila akaongezewa. Nami nikapata ujasiri, nikamfuata bosi. Akajibu, "Tutaona." Mpaka leo tunaona.

— Pole dada, hahaa.

— Kwa anayetaka kuanza, chukua za 1965, nyeusi na nyeupe, ndizo tamu kuliko zote. Za rangi ni 1967. Ya kumuaga Emma msiiache: anashuka ngazi, anapishana na Tara King, mwenzake mpya Steed, anayepanda, anamwachia maelekezo ya namna Steed anavyotaka chai yake ikorogwe, kinyume na saa. Nje anasubiriwa na mumewe, rubani aliyepotelea Amazon. Ukimtazama vizuri huyo mume, ni kama Steed mwenyewe: kofia ile ile, mwavuli ule ule! Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta.