Mtoto aanze chekechea akiwa na umri gani?

Mama Nuru

Salamu kwenu wazazi na walimu. Binti yetu anatimiza miaka mitatu mwezi ujao, na mimi na baba yake hatujaafikiana kama aanze chekechea muhula ujao au abaki nyumbani mpaka atimize minne. Baba yake anaona kwamba mtoto anayechelewa kuanza huachwa nyuma na wenzake, na hutaja watoto wa marafiki zetu ambao wakiwa na umri huo walikwisha kujua herufi zote. Mimi naona bado ni mdogo mno. Anazungumza vizuri na anapenda vitabu vya picha, lakini bado hulala mchana kwa muda mrefu, na akiwa katikati ya watoto wengi hujificha nyuma ya gauni langu. Isitoshe, tarehe yake ya kuzaliwa iko karibu sana na ukomo wa umri wa kuandikishwa, kwa hiyo akianza sasa atakuwa mdogo kuliko wote darasani. Je, upo umri ambao walimu wanaukubali, au kila mzazi huamua kwa kumtazama mtoto wake?

Mwalimu wa Awali

Mama Nuru, swali lako siwezi kulijibu kwa namba kabla ya kujua darasa lenyewe linafanya nini, kwa sababu mtoto wa miaka mitatu anaweza kufurahia darasa moja na kuumizwa na jingine lililo jirani yake. Friedrich Froebel, mwalimu aliyeasisi chekechea, alipoanzisha kituo chake nchini Ujerumani mwaka 1837, aliwapa watoto mipira, vipande vya mbao vya kujengea, nyimbo na bustani ya kupanda mimea. Katika darasa la namna hiyo umri wa miaka mitatu unafaa kabisa. Tatizo ni madarasa ambayo yamechukua kazi za darasa la kwanza na kuzishusha kwa watoto wadogo: madawati, madaftari yenye mistari, kunakili herufi ukurasa mzima, na kazi za kufanyia nyumbani. Mtoto wa umri huo hushika kalamu kwa ngumi nzima na kuiendesha kwa bega, kwa kuwa sehemu kubwa ya kifundo cha mkono wake bado ni gegedu na vidole havijapata nguvu ya kuiongoza kalamu. Ukimlazimisha kuumba herufi ndogo ndani ya mistari, anachojifunza ni kwamba kuandika kunauma na kwamba yeye hawezi.

Kuhusu mtoto mwenyewe, mimi hutazama kwanza kama anaweza kumwambia mtu mzima asiye wa nyumbani kwao kwamba ana kiu, anaumwa au anataka kwenda chooni. Kufunga vifungo na kuvaa viatu tutamfundisha, lakini mtoto ambaye hawezi kabisa kueleza haja yake hukaa na nguo zilizolowa, kimya, mpaka mtu amwone, na darasa likiwa kubwa huenda asionekane mapema. Kuona haya peke yake si sababu ya kumzuia. Wengi wa watoto wanaojificha nyuma ya gauni siku ya kwanza huwa wanatazama kwa makini sana, kisha hujiunga na mchezo kwa wakati wao. Usingizi nao uulizie. Watoto wa miaka mitatu hadi mitano huhitaji saa 10 hadi 13 za kulala kwa siku, usingizi wa mchana ukiwamo, na mtoto aliyenyimwa usingizi huo huonekana mtundu au mlizi ilhali amechoka tu.

Baba Imani

Naomba nimtetee kidogo baba Nuru, maana hoja yake ina msingi hata kama mfano wake wa herufi hauna uzito. Miaka ya kwanza ya mtoto ina thamani kubwa, na faida ya kuanza mapema imewahi kupimwa. Mwaka 1962, katika mji wa Ypsilanti, Michigan, nchini Marekani, watafiti walianza kuwapeleka shule ya awali watoto wa miaka mitatu na minne waliotoka katika familia maskini, wakawalinganisha na wenzao ambao hawakupelekwa, na kuwafuatilia mpaka utu uzima. Walipofika umri wa miaka 40, wale waliosoma shule hiyo walikuwa na kipato kizuri zaidi, na waliokuwa wamewahi kukamatwa mara kwa mara na polisi walikuwa wachache zaidi kati yao.

Hata hivyo, aliye makini na matokeo hayo sharti atazame pia shule yenyewe ilivyokuwa. Watoto walikaa hapo asubuhi tu, kila mwalimu alikuwa na watoto wachache, na kila juma mwalimu alimtembelea mzazi nyumbani. Faida ile haiwezi kutarajiwa kwenye chumba chenye watoto hamsini na mwalimu mmoja, hata wangeanza na umri gani.

Ninaloomba tusilisahau ni kwamba tunaposema mtoto abaki nyumbani, tunapaswa kusema pia atabaki na nani na kufanya nini. Mtoto anayebaki na bibi anayemsimulia hadithi na kumshirikisha katika kazi zake hajapoteza kitu. Anayekaa mbele ya televisheni kutwa nzima kwa kuwa mlezi amezidiwa na kazi nyingine, huyo ningempeleka chekechea hata kesho.

Bi Salma

Mimi nimevutwa na lile la kuwa mdogo kuliko wote, ambalo wazazi wengi hulipita haraka. Katika umri wa miaka mitatu, tofauti ya miezi kumi na moja ni karibu theluthi ya maisha yote ya mtoto, na mwalimu anayewatazama wote kwa kipimo kimoja humwona mdogo kuwa mzito wa kuelewa au asiyetulia. Tafiti zilizofanywa Kanada, Iceland na Taiwan zimeonyesha kwamba watoto walio wadogo zaidi darasani huambiwa mara nyingi zaidi kuwa wana tatizo la kukosa umakini, ingawa wengine huenda wanahitaji muda tu wa kukua.

Kwa hiyo, Mama Nuru, anza kuhesabu kutoka darasa la kwanza kurudi nyuma. Jiulize ungependa aingie darasa la kwanza akiwa na umri gani, kisha uangalie chekechea ina miaka mingapi, maana uamuzi wa sasa unapanga na ule wa baadaye. Nchini Finland watoto huanza darasa la kwanza mwaka wanaotimiza miaka saba, baada ya mwaka mmoja wa elimu ya awali, na huko nyuma wengi wao wamekuwa kwenye vituo vya malezi wakicheza. Ufaransa nayo, tangu mwaka 2019, imefanya elimu kuwa ya lazima kuanzia miaka mitatu. Ikiwa chekechea mnayoifikiria itakubali akae miaka miwili katika darasa la wadogo bila kumhesabu kuwa amerudia, anaweza kuanza sasa bila hasara. Wasipokubali, ningesubiri.

Mama Nuru

Nawashukuru sana nyote. Tumetembelea chekechea mbili: moja ina watoto wachache na huwaruhusu kuondoka kabla ya mchana, na nyingine inajisifu kwamba watoto wake husoma kabla ya kutimiza miaka minne. Baba Nuru amesoma majibu yenu na sasa naye anaelekea ile ya kwanza. Nimebaki na hofu moja: akilia kila asubuhi, nitajuaje kama ni mazoea tu au kweli hajawa tayari?

Mwalimu wa Awali

Kilio cha mlangoni hakitoshi kukupa jibu. Muulize mwalimu nini hutokea ukishaondoka: anayenyamaza baada ya muda mfupi, akala na kushika mchezo, anazoea, hata kama kesho yake atalia tena. Wa kumhofia ni yule anayeendelea kulia au kukaa pembeni kutwa, asiyekula, na ambaye nyumbani ameanza tena kukojoa kitandani au kupunguza maneno. Hali hiyo ikidumu majuma kadhaa bila nafuu, mrudishe nyumbani na umjaribu tena muhula mwingine. Hapo hakuna aibu yoyote.

Siku za kwanza mwache kwa saa moja au mbili tu, umuage waziwazi na umwambie utarudi baada ya jambo analolijua, kama vile baada ya chai au baada ya wimbo wa mwisho, kisha urudi wakati huohuo. Usimtoroke akiwa ameangalia pembeni, kwani mtoto aliyetorokwa mara moja huanza kulinda mlango badala ya kucheza. Ukipata nafasi, mpeleke pia kabla ya muhula kuanza, darasa likiwa tupu, aone choo kilipo na mahali atakapotundika mfuko wake.