Ngazi ya kwenda darini, nyumba ya babu Isamilo: nikarabati au ning'oe?

Mjukuu wa Isamilo:

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa wanaojua mbao, na kama kuna seremala humu tafadhali asinipite.

Nyumba ni ya babu, ipo Isamilo, Mwanza. Aliijenga miaka ya 50 alipokuwa karani wa pamba. Paa lake limeinuka sana, kwa hiyo juu kuna dari ambamo mtu mzima anasimama wima pale katikati. Bibi alikuwa akihifadhi humo magunia ya michembe na matobolwa, na hadi leo ukipanda unasikia harufu ya viazi vikavu. Sasa mpwa wangu amepata nafasi ya kusoma Bugando, na mama ameamua akae huko juu badala ya kumpangia chumba. Shida ni ngazi.

Ni ya mvule, iko mwisho wa korido, imebanwa kati ya ukuta wa jikoni na stoo. Nimepima: upana inchi 26, stepu 11 kabla hujafika sakafu ya juu, kila moja imenyanyuka inchi 9 na pa kukanyagia ni inchi 7. Ya kwanza peke yake imenyanyuka inchi 7 na nusu. Ya tatu imeoza upande wa ukutani kwa sababu bati lilikuwa linavuja pale (bati tumeshabadilisha). Pembezoni mwa baadhi ya stepu kuna vitundu vidogo sana, ukigonga unamwagika unga. Na zote zinalia. Mtu hapandi usiku bila nyumba nzima kujua, jambo ambalo mama anasema kwa kijana wa chuo ni faida.

Fundi wa kwanza kasema ng'oa yote, weka ya chuma ya kuzunguka. Wa pili kanitajia zege. Mama kasema atakayeing'oa ngazi ya baba yake, aanze kwanza kumng'oa yeye. Je, inakarabatika? Na kuna namna ya kuilaza kidogo? Ni kali mno, na mama mwenyewe bado anapanda.

Nondo16:

Dada, mwaga zege. Zege halilii wala haliliwi. Unabandika marumaru juu, unasahau. Mambo ya mbao waachie wenye muda.

Fundi Randa:

Nondo16, hapo unampoteza dada wa watu. Chini hakuna neno, Isamilo ukichimba kidogo tu unagonga jiwe. Huko juu je, hilo zege litaegemea nini? Sakafu ya dari ni boriti za mbao. Utake kulishikiza kwenye ukuta wa jikoni, utautoboa ukuta wa zamani halafu uanze kuhesabu nyufa. Na hiyo ya chuma ya kuzunguka, hata ile ndogo inataka karibu futi 4 za upana. Kwenye inchi 26 haiingii, aliyeisema hakupima.

Dada, mwangaluka. Ujana wangu wote nimepasua na kuranda mvule, kwa hiyo nisikilize mimi kabla hujamlipa mtu.

Chukua bisibisi bapa, chokonoa kila stepu, hasa inapogusana na ukuta. Mvule una kiini cha kahawia, na una ile sehemu iliyopauka karibu na gamba. Kiini ni kigumu kwa mchwa, hata mvua hukivumilia miaka. Sehemu iliyopauka ndiyo chakula cha mdudu wa unga, na kwa maelezo yako fundi wa babu aliacha kidogo pembezoni, ndiyo maana vitundu haviko katikati. Bisibisi ikizama ndani ya kiini, ubao huo toa. Ikigoma, usiuguse. Kisha fagia unga wote, tandaza magazeti chini ya ngazi, uyaache wiki kadhaa. Ukikuta unga mpya, mdudu yu hai: kwangua sehemu iliyopauka, paka dawa ya wadudu wa mbao kwa brashi, rudia ikikauka. Usipokuta unga, hayo ni makovu tu.

Ukipiga msasa, vaa barakoa na miwani. Vumbi la mvule linawasha ngozi na pua, kuna mafundi waliouacha kwa sababu hiyo. Na msumeno ukigonga kitu kigumu ndani ya ubao usidhani ni msumari. Huwa ni jiwe kweli, mti wenyewe hutengeneza chokaa ndani yake, na linamaliza meno ya msumeno.

Kulia ni ubao kusugua ubao. Ingia stoo utazame ngazi kwa chini, utakuta kabari zimelegea. Zitoe, tia gundi ya mbao, zigonge upya. Pale ubao wa kukanyagia unapokutana na ule wa wima, weka vipande vya mbao vya pembe tatu kwa gundi na skrubu. Toboa kwanza kwa keke, mvule hauingizwi skrubu kwa nguvu, utapasuka.

Sasa ukali wake. Jumla ya kimo chako ni inchi 106 na nusu. Ukitaka ngazi ya kawaida ya nyumbani, unyanyuke inchi 7 na kitu kila hatua, unapata minyanyuko 14, na kwa kukanyaga inchi 9 na nusu utahitaji zaidi ya futi 10 za sakafu. Ulizonazo ni futi 6 na nusu hivi. Labda uvunje ukuta wa stoo uikunje kona, na sikushauri kwa dari ya mtu mmoja. Acha mwinuko wake, weka reli ya kushikia pande zote mbili, na swichi ya taa chini na juu. Mama ashuke akiwa ametazama ngazi, si akiwa ameipa mgongo.

Ila kuna jambo hukuliuliza, na ndilo linalonitia wasiwasi kuliko kuoza: hiyo stepu ya kwanza. Korido iliwekwa marumaru, sivyo? Sakafu ikapanda inchi moja na nusu, stepu ya kwanza ikawa fupi. Mguu ukishuka umezoea inchi 9, ukikuta 7 na nusu unagota, mtu anakwenda mbele. Dawa yake ni kugawa ile tofauti. Bandika mbao juu ya stepu tano za chini: ya kwanza unene wa inchi moja na robo, ya pili inchi moja, ya tatu robo tatu, ya nne nusu, ya tano robo. Hapo sita za mwanzo zote zitanyanyuka inchi 8 na robo tatu, zinazofuata 9 kama zilivyo. Robo inchi mguu hauioni.

Mama Pasiansi:

Mzee kamaliza ya ngazi, mimi naongeza ya huko juu. Kama kuna popo, msifagie kinyesi kikavu. Kinyunyizieni maji kwanza na mfunike pua. Pili, chini ya bati mchana ni tanuri, huyo mtoto hatasoma. Pigeni silingi bodi kwenye mteremko wa paa na mfungue dirisha kila upande wa kenchi, upepo wa ziwa upite. Tatu, kitanda! Inchi 26 haipitishi kitanda kilichoungwa. Sisi godoro tulilipitisha dirishani kwa kamba, majirani wakatoka kuangalia.

Mjukuu wa Isamilo:

Shikamoo mzee Randa. Umejuaje marumaru? Yaliwekwa wakati wa msiba wa babu, ili wageni wakute nyumba nzuri. Na ni kweli, kila anayejikwaa anajikwaa pale pale chini. Tulikuwa tunasema ni haraka zao.

Majibu ya bisibisi: stepu ya tatu imezama hadi karibu na mpini. Nyingine zote zimegoma, hata zenye vitundu. Magazeti yamekaa tangu ile siku, unga mpya uko chini ya ya tano na ya sita tu. Huko stoo nimekuta kitu: kila stepu kwa chini imechongwa namba za Kirumi kwa patasi, I mpaka XI, na ile ya IX fundi alikosea akaikwangua akaanza upya. Mama kaja na tochi, kakaa chini kabisa kwenye magunia akizitazama. Karabati imepita, kwa sharti kwamba ubao uliooza fundi asiondoke nao.

Zege basi, Nondo16, samahani.

Swali la mwisho, mzee: ubao wa kubadilisha ya tatu, na hizo za kubandika, nipate wapi mvule mkavu? Kuna mtu ananiuzia paini kwa bei nzuri.

Fundi Randa:

Marahaba mwanangu. Paini ni laini, kingo zake zitaliwa na viatu kabla kijana hajamaliza chuo. Itumie kwa vile vipande vya chini visivyoonekana, na iwe imetiwa dawa.

Mvule mpya mara nyingi utauziwa mbichi, utakauka ukiwa kwenye ngazi na kujikunja, na usiuguse kama muuzaji hana karatasi za maliasili. Zungukia wanaobomoa nyumba za zamani katikati ya mji, ulizia fremu za milango na rafu za maduka. Ukikosa, mninga mkavu unafaa. Rangi itatofautiana kidogo, vanishi itasaidia.

Na kwa kuwa ya tatu unaibadilisha yote, usibandike ubao juu yake. Mwambie fundi autengeneze mnene kuliko wa zamani kwa robo tatu, kwa upande wa juu. Apime unene wa ya nne kwanza, ndiyo nzima iliyo karibu.

Nondo16:

Sawa mzee. Hizo reli je, chuma anaruhusiwa?

Fundi Randa:

Reli chuma ruksa.