Kwa nini Jenerali George Thomas hatajwi sana?

Msomaji wa Usiku: Wakuu, kila nikisoma vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani nakutana na majenerali Grant na Sherman wa Kaskazini, na Lee wa Kusini. Thomas anapewa mstari mmoja. Alikosa nini?

Mzee wa Ramani: Vitani hakukosa kitu. Alizaliwa Virginia mwaka 1816, na jimbo lake lilipojitenga 1861 akabaki jeshi la Muungano, yaani Kaskazini. Kusini wakamwita msaliti, Kaskazini wapo waliomtilia shaka. Nani angemsemea? Sasa tazama mapigano ya Chickamauga, Georgia, tarehe 20 Septemba 1863. Safu ya Jenerali Rosecrans wa Muungano imevunjika, kamanda mwenyewe yuko njiani kurudi Chattanooga, na Thomas bado anashikilia kilima cha Snodgrass hadi jioni. Bila yeye jeshi lile lingeangamia. Mimi namweka juu ya Sherman kabisa.

Binti Kanali: Shikamoo mzee. Lakini si alikuwa mzito wa kushambulia? Grant alitaka kumvua ukamanda kule Nashville, Tennessee.

Mzee wa Ramani: Marahaba mwanangu. Desemba 1864 barafu ilifunika ardhi, watu na farasi wanateleza, na kikosi chake cha wapanda farasi kilikuwa bado kinatafutiwa farasi. Grant, mkuu wa majeshi ya Muungano, akiwa mbali Virginia, akamtuma Jenerali Logan achukue nafasi yake. Logan hajafika, Thomas akashambulia tarehe 15 na 16. Jeshi la Jenerali Hood wa Kusini likasambaratika, halikupona tena.

Msomaji wa Usiku: Aliacha kitabu cha kumbukumbu?

Mzee wa Ramani: Hapana. Alifariki San Francisco mwaka 1870. Sherman na Grant waliandika vyao baadaye.